Na Wanakalia Kiti?

Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilichapisha ripoti ya Billy Perrigo kuhusu vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili ChatGPT ya OpenAI ijifunze kuyatambua. Kichwa chenyewe kilitangaza mshahara: chini ya dola 2 kwa saa. Mitandaoni watu waliwaka. Nami niliwaka, nikamsomea mama ripoti hiyo jikoni kwetu Bomet, nikimtafsiria mstari kwa mstari.

Mama huchuna majani chai. Nilipofika kwenye mshahara akanisimamisha, akataka hesabu ya shilingi. Ripoti inasema walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tukachukua ile ya chini, tukazidisha kwa zamu ya saa 9: zaidi ya shilingi 1,400 kwa siku. Akanyamaza kidogo.

"Na wanakalia kiti?"

"Wanakalia, mama."

"Mvua haiwanyeshei?"

Ripoti ya Perrigo ni kazi nzuri. Bila hiyo wengi wetu tusingejua kwamba kuna mtu Nairobi aliyesoma maelezo ya watoto wakidhulumiwa ili sisi tuulizie programu habari za CV. Lakini kichwa chake kiliandikiwa msomaji wa New York. Kwake dola 2 ni kashfa tosha. Kwa msomaji wa Bomet au Kericho dola 2 ni swali: ukilinganisha na nini? Karibu na mwisho ripoti inagusia kwamba mkataba ulipokatwa, wafanyakazi walipoteza kipato walichokitegemea. Inagusia tu, halafu inapita. Walichokipenda kazini hatukioni vizuri, kwa hiyo hatuelewi kwa nini walivumilia.

Mimi najua kidogo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipoisha. Mwaka mzima nilifanya kazi ya mtandaoni ya kusikiliza sauti na kuziandika. Nilipenda simu ikilia Ijumaa, pesa zimeingia. Nilipenda kumwambia shangazi "niko kazini" badala ya "natafuta." Na ni hayo mazuri yaliyonifunga mdomo. Kazi ikikataliwa bila sababu, nilimeza mate nikachukua nyingine, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Watu wa chai wanalijua hili zamani. Mashamba makubwa yalikupa nyumba, shule ya watoto, zahanati. Kwa hiyo ukifutwa, hupotezi mshahara peke yake, unahama na watoto. Februari 2023, mwezi mmoja baada ya ripoti ya TIME, BBC Panorama ilionyesha wanawake wa mashamba ya Kericho wakidaiwa ngono na wasimamizi ili wapate kazi. Mei mwaka huohuo waandamanaji wa Kericho wakachoma mashine za kuchuna chai, kwa sababu zinachukua kazi hiyohiyo. Ukisoma habari ya kwanza peke yake, ya pili itakushangaza. Ukizisoma pamoja, unaona mtu anayeichukia kazi yake na kuipigania siku hiyohiyo.

Ndiyo maana namba iliyostahili kukaa juu ya ripoti, kwangu, si ile ya dola. Iko chini, ndani ya aya, na ukiwa na haraka utairuka. Wafanyakazi walisema walitarajiwa kusoma vipande 150 hadi 250 kwa zamu. Kampuni ikasema walitakiwa kusoma 70.

Hapo mama alicheka. Anakijua kituo cha kununulia majani: unafika na gunia unalolijua uzito wake mgongoni, karani anasoma mizani, anatoa kitu kwa ajili ya gunia, siku ya mvua anatoa kitu kwa ajili ya maji, na kinachoandikwa ndicho ulichochuna. Ugomvi wa 70 na 250 hauhitaji kutafsiriwa kwa dola ili mtu wa Kericho aushike. Ni ugomvi wa mizani.

Nadhani wafanyakazi wenyewe waliuona hivyo pia. Mei Mosi 2023, zaidi ya watu 150 wanaofanya kazi za aina hii walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Anayeona kazi haina chochote huondoka kimyakimya. Hawa walitaka kubaki, na wasikilizwe.

Isome ripoti, bado iko mtandaoni. Ila ukifika kwenye zile namba mbili, simama. Zimewekwa kando kwa kando, kisha habari inaendelea. Mama alikuwa ameshainuka kuepua chai alipouliza swali lake la mwisho, na sikuwa na jibu.

"Sasa, nani alikuwa anahesabu?"