Shada la Bibi Arusi: Uchambuzi wa Kazi Moja ya Nakuru

Wengi wachaguapo shada la bibi arusi huanza na rangi, wakalinganisha waridi na nguo za wasimamizi, ilhali jambo lililo aula kutangulizwa ni maji. Kwani ua likishakatwa shambani huwa limetengwa na asili ya uhai wake, na tangu saa hiyo hata ibada ikamilike, karamu iliwe na picha zipigwe, litaishi kwa kile tu kitakachopanda ndani ya kikonyo chake.

Shada ninalolichambua hapa lilifungwa Nakuru, kwa mawaridi meupe yaliyotoka Naivasha, mwendo wa kilomita 70 hivi, kwenye mashamba ambayo aghalabu mavuno yake hupelekwa kwa ndege hadi mnadani Aalsmeer, Uholanzi. Mama aliyelifunga hakuyataka yaliyokwisha kufumbuka, japo ndiyo yaliyowapendeza jamaa wa bibi arusi. Siku ya Alhamisi alichagua yaliyo baina ya tumba na ua, ili ifikapo Jumamosi yawe yamefunguka kwa kadiri.

Kila kikonyo alikikata upya, kwa kisu kikali na kwa mshazari, ncha ikiwa imezama majini, kwa kuwa waridi lililosafiri kavu ndani ya boksi huvuta hewa katika mishipa yake, na hewa hiyo ikishakaa humo maji hayapandi tena, shingo ikalegea na kichwa kikainama hata kama chombo kimejaa pomoni. Majani ya chini aliyaondoa yasije yakaoza. Kisha akaomba ndizi mbivu zitolewe chumbani, jambo lililowastaajabisha waliohudhuria, nalo ni sahihi kabisa: tunda liivapo hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyaharakisha maua kuzeeka, kanesheni hasa.

Palikuwa na rai ya kuagiza mawaridi ya Timau, ambako baridi ya miinuko hulikuza ua polepole, likapata kichwa kikubwa na kikonyo kinene. Ni maua ya fahari, sikatai; lakini shada hushikwa, haliwekwi mezani, na mkono utakaolibeba tangu asubuhi hauna budi kufikiriwa kabla ya macho ya wageni.

Ustadi ulidhihirika katika kufunga. Kila kikonyo kililazwa juu ya mwenziwe kwa mshazari ule ule, upande mmoja daima, huku shada likizungushwa kiganjani, hata vikonyo vyote vikakutana mahali pamoja pembamba na kutawanyika juu na chini, vichwa vikapata nafasi bila kusuguana, na uzi ukakazwa pale penye kiuno.

Watu wa pwani, ambao kikuba chao cha asumini na rihani hupendwa kwa harufu kwanza, wangeona upungufu mmoja, nami naafikiana nao: mawaridi mengi ya biashara yamezalishwa ili yadumu na yasafiri, manukato yakasahauliwa. Mama yule alilijua hilo, akachomeka matawi machache ya rosmari.

Utepe aliufunga mwisho, asubuhi ya Jumamosi, baada ya kuvikausha vikonyo visije vikalowesha gauni, akaacha ncha wazi kiasi cha vidole vitatu, na akamkabidhi msimamizi chombo cha maji cha kuwekwa garini, shada litiwe humo baina ya kanisa na picha.