Kupima Hewa Anayovuta Mwenzio

Kabla king'ora cha zamu ya asubuhi hakijalia, mwanafunzi wa uzamili wa afya mahali pa kazi anatakiwa awe ameshafika kiwandani, ameshasalimia watu na ameshapima pampu zake. Akichelewa, siku imeharibika. Wakoboaji kahawa wakianza kazi saa moja na yeye akawafunga pampu saa mbili, ile saa ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo ya kufagia vumbi la jana, imepita bila shahidi.

Kwa Tanzania, mafunzo haya yana makao yake Muhimbili, kwenye Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, na kwa miaka mingi chuo hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Tafiti zilizotokana na ushirikiano huo zinafuata jasho la nchi hii karibu hatua kwa hatua: mashine za brashi zinazosafisha singa za katani, wafungashaji wa saruji, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kiwira, viwanda vya kukoboa kahawa, viwanda vya chuma na kelele zake. Ukizisoma unaona jambo ambalo jedwali halisemi. Kila nambari iliyomo ni mtu mmoja aliyekubali kuvaa kifaa kutwa nzima, na mwingine aliyesimama karibu naye akimtazama.

Pampu ni kisanduku kidogo kinachokaa kwenye mkanda kiunoni. Mrija unapanda mgongoni, unavuka bega na kuishia kwenye ukosi wa shati, ambako chujio limefungwa ndani ya kikasha cha plastiki. Kikasha lazima kiwe ndani ya sentimita 30 hivi kutoka puani, kwa sababu hewa ya hapo ndiyo anayoivuta yule mtu. Chujio lililotundikwa ukutani, hatua chache kutoka kwake, litatoa takwimu nadhifu za hewa ambayo hakuna anayeivuta.

Akitafuta vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu, mwanafunzi huongeza saikloni. Hewa ikiingia humo huzungushwa kwa kasi. Chembe kubwa hutupwa pembeni na kuangukia kikombe cha chini, ndogo hupanda hadi kwenye chujio. Kila saikloni ina kasi yake: nyingine lita 1.7 kwa dakika, nyingine 2.2, nyingine 2.5. Pampu ikivuta pungufu, chembe kubwa zaidi hupenya. Ikivuta kupita kiasi, hata ndogo hutupwa. Ndiyo maana mvuto hupimwa kabla ya kazi na tena baada ya kazi, na tofauti ikizidi asilimia 5 sampuli huwekwa kando. Kile kikombe nacho kina masharti yake. Saikloni ikipinduliwa, chembe kubwa zilizotuama humo humwagikia chujio. Kuli akijilaza juu ya magunia dakika kumi saa ya mapumziko, kipimo cha siku nzima kimekwisha, na wala hana kosa. Mwanafunzi mzuri anakuwa amemwona, ameandika saa, na sampuli ile haihesabu.

Hapo ndipo ninapoanza kuivulia kofia kazi hii. Hakuna ambaye angejua. Chujio lililochafuliwa namna hiyo hupimika vizuri tu na huleta nambari kama nambari nyingine. Mwanafunzi angeweza kuikubali, akamaliza tasnifu yake mapema, akavaa joho.

Watu wengi tukiambiwa vumbi la kazini tunafikiria lile wingu linalotimka mfuko wa saruji ukidondoka. Wingu hilo ni kero, lakini sehemu yake kubwa hukamatwa puani na kooni, ikatoka kwa kamasi na kikohozi. Linalofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni chembe za maikromita 4 hivi kushuka chini, wakati unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi. Chembe hizo hazionekani kwa macho na hubaki hewani kwa saa nyingi baada ya wingu kutulia, pale watu wanapovua barakoa wakidhani vumbi limekwisha. Kuna njia ya kuzifumania: simama kwenye kinu chenye giza, tazama mwale wa jua unaopenya tundu la bati. Wakufunzi hutumia taa kali kwa kanuni hiyohiyo. Wanafunzi huiwasha pembeni ya mashine ambayo kila mtu anaapa kuwa haina vumbi.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu uzuri wa kazi hii hauonekani. Pampu ya lita 2.2 kwa dakika, kwa zamu ya saa 8, huvuta lita 1,056, yaani zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na miamba mingi, huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usio na tiba, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Marekani, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2016, iliweka ukomo wa miligramu 0.05 za vumbi lake laini kwa kila mita ya ujazo, wastani wa saa 8. Basi mfanyakazi aliye kwenye ukomo huo atamwachia mwanafunzi chujio lenye silika ya miligramu 0.053 hivi jioni. Huo ni uzito unaokaribia punje moja ya chumvi ya mezani. Mfanyakazi mwenyewe, anayehema kwa nguvu, huvuta kama mita 10 za ujazo katika zamu. Punje kumi, zilizosagwa zikawa moshi.

Kupima punje hiyo kunataka mizani inayosoma hadi maikrogramu, na mbele ya mizani hiyo jasho la kidole ni mzigo. Chujio hushikwa kwa kibano, huachwa kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, huondolewa umeme tuli, ndipo huwekwa juu ya mizani. Dar es Salaam, ambako masika hata karatasi ya daftari hulegea, chumba hicho ni nusu ya utaalamu. Pamoja na machujio yaliyofanya kazi husafiri mengine yasiyofanya kitu. Yalipimwa siku ileile, yakapanda gari lilelile, yakafunguliwa na kufungwa kiwandani, lakini hewa haikuvutwa kupitia kwao. Yakirudi yameongezeka uzito, ongezeko hilo ni la safari, la unyevu au la mikono, na lazima liondolewe kwenye hesabu ya mengine yote. Kazi yake ni kumpeleleza mpimaji mwenyewe. Ningependa taaluma nyingine kadhaa, ya uandishi ikiwemo, ziwe na kitu cha namna hiyo.

Lakini mizani hufundishika kwa wiki chache. Kinachochukua muda ni watu. Kijana wa chuo anamkuta mzee aliyefanya kazi pale tangu kijana huyo hajazaliwa, na anataka kumfunga mashine mwilini.

"Shikamoo baba. Pole na kazi."

"Marahaba. Hiki kidude kinarekodi tunayoongea?"

"Hapana baba, hakina hata kipaza sauti. Kinavuta hewa tu, hiyohiyo unayovuta wewe."

"Na majibu anapewa nani? Bosi?"

Swali hilo la mwisho ndilo zito, na mwanafunzi aliyeandaliwa vizuri hajibu kwa haraka. Anaeleza kuwa jina halitaandikwa kwenye ripoti, kwamba mzee anaweza kukataa bila kuulizwa sababu, kwamba matokeo yake yeye ataambiwa. Asiyeandaliwa hufunga pampu na kwenda kukaa kwenye kivuli. Saa nane mchana anakuta pampu inaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, inavuta upepo safi wa nje, kwa kuwa mwenye nayo ameona inamsumbua kiunoni.

Kwa hiyo mwanafunzi mzuri hukaa karibu, na daftari. Saa tatu na robo feni imezimika. Saa nne wamefagia pakavu, hawakumwaga maji. Saa sita mvua, milango imefungwa. Bila daftari hilo, nambari ya jioni ni bubu: inasema vumbi lilikuwa jingi, haisemi lilitoka wapi. Na siku moja haitoshi. Mtu yuleyule, kwenye mashine ileile, leo anaweza kupata vumbi mara kadhaa ya la jana, kwa sababu mzigo ulikuwa mkavu zaidi au mwenzake hakuja. Wanafunzi hufundishwa kuwapanga wafanyakazi kwa makundi ya kazi zinazofanana, kuwachagua kwa bahati nasibu, na kuwarudia. Msimamizi akishauri apimwe fulani, "yule kijana hodari", wanashukuru na kupiga kura yao kama walivyopanga.

Matunda ya subira hiyo wakati mwingine huwashangaza hata wenye viwanda. Kiwira, kazi ya kutoboa mwamba ili kufungua njia mpya ndiyo iliyokuwa na vumbi kali kuliko zote, na mwamba una silika ambayo makaa yenyewe hayana kwa kiasi hicho. Upande wa kahawa, ile ya maganda ya Kagera, inayokaushwa nzima juani, ilionekana kubeba endotoksini nyingi zaidi, yaani mabaki ya kuta za bakteria yanayochokoza mapafu, kuliko arabika inayomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa. Kwa macho, vumbi la kahawa ni vumbi la kahawa. Tukirudi kwenye silika ya migodini, Nyanda za Juu Kusini wapo wazee wanaokumbuka Wenela, shirika lililowasomba vijana kwenda migodi ya Afrika Kusini. Baadhi ya waliorudi walikohoa mpaka kaburini na familia zikatafuta mchawi. Familia hizo hazikuwa na daftari la kuziambia hewa ile ilikuwa na nini.

Kelele nitaipita upesi, ingawa ina watu wake. Ukomo unaotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa vipimo vingi kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 100 kwa dakika 15. Mwanafunzi akishaielewa ngazi hiyo hatembei tena kwenye kiwanda cha nondo kama alivyotembea mwanzo.

Mwisho wa kupima ni kurekebisha, na hapa walimu wao huwa wakali. Ripoti ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu kila mara huishia na sentensi ileile: wafanyakazi wapewe barakoa. Hukatwa kwa kalamu nyekundu. Barakoa ni kimbilio la mwisho. Kwanza uliza kama kazi yenyewe inaweza kuondolewa, kisha kama kitu kinachodhuru kinaweza kubadilishwa, kisha kama mashine inaweza kufungwa, kulowanishwa au kuvutiwa hewa. Mwamba ukitobolewa kwa maji badala ya pakavu, vumbi hupungua sana kabla halijazaliwa. Ufyonzaji nao una siri yake: feni inayopuliza husikika mbali sana, lakini ikifyonza, nguvu yake hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi kwa umbali wa kipenyo kimoja tu cha mdomo wa bomba. Bomba lenye mdomo wa sentimita 30 lililowekwa mita moja kutoka kwenye vumbi ni pambo. Nimeona mapambo ya aina hiyo zaidi ya mara moja, yamepakwa rangi vizuri, na ukaguzi umepita.

Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyechapisha kitabu cha maradhi ya mafundi mwaka 1700, aliingia kwenye njia hii baada ya kumwona mtu aliyekuwa akizoa kinyesi kwenye shimo la choo nyumbani kwake. Mtu yule aliharakisha mno, akaeleza kuwa kazi ile inaua macho. Ramazzini akawahimiza madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa anafanya kazi gani. Swali hilo bado halijafika kwenye vyumba vingi vya daktari vya kwetu. Sheria tunayo: ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Lakini fidia ya ugonjwa hudai uthibitisho kwamba ugonjwa umetoka kazini, na uthibitisho huo ni mgumu zaidi kupatikana kwa mtu aliyestaafu kama hewa aliyoivuta miaka ishirini haikupimwa hata siku moja.

Basi wewe mwenye kiwanda, mgodi au kinu: wanafunzi hawa wakija getini na mabegi yao ya pampu, usiwaelekeze kwenye sehemu iliyofagiliwa. Wapeleke wanapotaka wenyewe, waache wakae zamu nzima na warudi siku nyingine. Majibu yakitoka, yasomwe mbele ya wafanyakazi, kwa Kiswahili.