Hesabu ya Mwezi wa Hernandez

Mwonyeshe kijana anayejifunza kupiga picha mandhari iliyopigwa vizuri, naye ataanza na setingi: tundu la lenzi ngapi, shata ilikaa muda gani. Simlaumu, namba zinaandikika. Basi naziandika za picha moja maarufu: f/32, sekunde moja, filamu ya ASA 64, kichujio cha manjano. Ndizo alizotumia Ansel Adams kupiga "Moonrise, Hernandez, New Mexico" mwaka 1941. Kijana aziweke kwenye kamera yake jioni yoyote aone atapata nini.

Adams alikuwa njiani kurudi Santa Fe na wenzake. Mashariki, juu ya milima yenye theluji, mwezi uliokaribia kuwa mpevu ulikuwa umeshapanda. Magharibi jua lilikuwa linazama, na miale yake ya mwisho ilikuwa inaigonga misalaba myeupe ya makaburi ya kijiji cha Hernandez. Alisimamisha gari ghafla, akawapigia wenzake kelele wamletee vifaa, maana kamera yenyewe ilikuwa kubwa, filamu yake inchi 8 kwa 10. Kipima mwanga hakikuonekana.

Hapa ndipo ninapomkubali. Alijua kwa kichwa kwamba uso wa mwezi hung'aa kwa kandela 250 hivi kwa futi ya mraba. Aliutaka utoke mweupe bila kuungua, kwa hiyo akauweka ngazi mbili juu ya kijivu cha katikati. Kila ngazi ni maradufu ya iliyo chini yake: 250 gawa kwa 4, kijivu kinaangukia kwenye 60 hivi. Kwa filamu ile, hiyo ni 1/60 ya sekunde kwa f/8. Kichujio kinataka mwanga mara tatu, tunafika 1/20. Bana tundu hadi f/32, ambapo vya karibu na vya mbali hutoka wazi pamoja, na shata inabidi ikae karibu sekunde nzima. Akapiga. Alipogeuza kibebeo cha filamu apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba.

Anayetafuta namba kwenye vitufe jua likimponyoka hana nafasi ya kutazama. Adams alizimaliza haraka, na macho yake yalikuwa yameshapanga picha. Zaidi ya nusu ni anga. Kijiji, kanisa na makaburi vimebanwa kwenye ukanda wa chini, na mwezi wenyewe ni mdogo mno; wengi wetu tungeuvuta kwa lenzi ndefu ujaze fremu, tukaipoteza picha. Udogo wake ndio unaoufanya uitikiane na misalaba: weupe juu, weupe chini, na katikati utepe wa mawingu na theluji. Misalaba ingekuwa kijivu, ule ungebaki mwezi juu ya kijiji tu.

Mng'ao wa mwezi aliukumbuka, tarehe hakuiandika. Miaka mingi baadaye wanaastronomia waliipata kwa kukokotoa mahali mwezi ulipokaa angani: 1 Novemba 1941, kama saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni.

Kazi haikuishia barabarani. Sehemu ya chini ya negativu ilitoka hafifu, na mwaka 1948 aliiongezea nguvu kwa kemikali. Kwenye chumba cha giza, kila nakala ilidai mikono yake, hapa anaziba mwanga, pale anauachia uendelee kuchoma karatasi, na nakala zilipita 1,000. Za mwanzo zina mawingu mepesi juu ya mwezi. Kadiri miaka ilivyokwenda alilitia anga giza hadi likawa jeusi tii. Wapo wanaopenda zile za mwanzo kwa kuwa ziko karibu na jioni yenyewe. Mimi nachagua za uzeeni, kwa sababu ndani ya weusi ule jicho halina pengine pa kwenda ila kwenye mwezi, kisha kwenye misalaba.