Bibi na Bwana: Nembo ya Taifa Inasema Nini?

Wako wanaoichukulia nembo ya taifa kuwa ni pambo la kugonga juu ya karatasi za serikali. Mawazo hayo hatuna budi kuyapinga. Nembo ni kauli ya dola: ndani yake dola inatamka nchi ni ya nani, na wenye nchi wanaishi kwa kitu gani.

Wananchi wenyewe wameiita Bibi na Bwana. Hata hapa Kwa Mathias, Kibaha, mtu akiambiwa alete barua yenye Bibi na Bwana anaelewa mara moja kwamba inatakiwa barua ya serikali. Jina hili limegusa kiini kuliko maelezo mengi ya wataalamu. Nembo ya Kenya inashikwa na simba wawili. Ya Uganda, na korongo na swala. Hiyo ni desturi ya makabaila wa Ulaya, waliopenda ngao zao zilindwe na wanyama. Yetu, kama ya Zambia, inashikwa na mwanamume na mwanamke, nao wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, ambako mwenge uliwashwa Desemba 1961. Mwenge huo umo pia ndani ya ngao, juu ya bendera.

Lakini jambo zito zaidi ni pembe za ndovu zilizoizunguka ngao. Mkoa huu wa Pwani unazo kumbukumbu za pembe. Katika karne ya 19 misafara ilizileta Bagamoyo kutoka bara, zikiwa juu ya mabega ya wapagazi na watumwa, na faida ikavuka bahari. Katika nembo, pembe zimo mikononi mwa watu ambao babu zao walizibeba kwa ajili ya wengine. Kwa maoni yetu hapo ndipo mchoraji alipofanya kazi yake vizuri kabisa, awe ni marehemu mzee Francis Maige Kanyasu, "Ngosha", aliyefariki 2017 akisema kazi hiyo ni yake, au awe mwingine.

Miguuni tunaona udhaifu. Bwana ana mkarafuu, bibi ana mpamba. Yote mawili ni mazao ya kuuza nje, ambayo bei yake haipangwi na mkulima. Muhogo haumo, wala mahindi.

Wengine wanalalamika kwamba ngao ina jembe na shoka tu, ambapo CCM, tangu 1977, imechagua jembe na nyundo. Kwa Kibaha yenye eneo la viwanda la TAMCO, hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, shoka ndilo linalofyeka pori kabla jembe halijaingia, na mkuki uliosimama kati yake unalinda kilichopandwa. Ngao haikukosea, ilichorwa katika nchi ya wakulima.

Sasa tutazame hati za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Pembezoni mwa mji huu mashamba yanakatwa viwanja kila siku. Juu ya hati wamesimama Bibi na Bwana; chini yake, mara nyingi mno, limeandikwa jina la bwana peke yake. Viongozi wa mitaa wanalo jukumu la kuwaeleza wananchi kwamba sheria inaruhusu majina yote mawili katika hati moja, tena wawaeleze kabla fomu hazijajazwa.