Kombe la Kulea

Wapo wadaio kuwa ligi ya Uingereza inaishinda ya Hispania kwa fedha na kasi. Sibishi. Lakini tarehe 26 Desemba 1999, Chelsea ya London ilianza mchezo na Southampton bila Mwingereza hata mmoja, ikashinda 2-1. Kule Hispania, Athletic ya Bilbao huchezesha tu waliozaliwa au kulelewa kisoka katika nchi ya Wabaski, na haijapata kushuka daraja. Gharama yake ni subira: Kombe la Mfalme ililolitwaa mwaka 1984 ililipata tena 2024. Siku hiyo alicheza Iñaki Williams, mzaliwa wa Bilbao, ambaye wazazi wake walitoka Ghana. Kumbe wenyeji si damu, ni malezi. Kombe la namna hiyo naliheshimu zaidi.