Zege Lililosema

Fundi wa Kisauni niliyekwenda kumtazama huanza kazi kwa kusikiliza. Mbele yake pana rundo la kifusi cha nyumba iliyobomolewa: vipande vya slabu, nguzo zilizokatika, nondo zikichomoza pande zote. Anashika nyundo ndogo na kugonga kila bonge mara mbili. Zege zima hulia kavu, kwa sauti ya juu. Lililooza ndani hutoa mdundo mzito usiokwenda mbali. "Hili lasema," ananiambia, "lile lishanyamaza." Lililonyamaza huwekwa kando, likajazie mashimo.

Kisha huja usafi. Anaondoa mbao, vigae, plastiki, na plasta iliyogandamana na rangi, kwa tindo na subira. Nondo anazivua kwa mtarimbo, zisizotoka anazikata kwa msumeno wa chuma, halafu anazinyoosha ili ziuzwe kwa kilo. Bonge kubwa halipigwi ovyo: analigeuza kwanza, anatafuta ufa, na nyundo nzito inatua hapo hapo. Mapigo matatu, likagawanyika.

Vipande vidogo anavimalizia ameketi juu ya gunia. Jiwe analizungushia pete iliyokatwa kwenye tairi, lisirukie jicho, kisha anagonga kwa kipimo hadi litoke kokoto ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Zote hupita kwenye chekeche mbili za waya. Kubwa mno hurudi kwenye nyundo, na vumbi la chini huwekwa akiba ya kutandikwa chini ya matofali ya sakafu.

Ninapodhani kazi imekwisha, ananionyesha mapipa ya maji. Nyumba za Pwani hunywa chumvi ya upepo wa bahari miaka nenda miaka rudi, na chumvi ndiyo inayokula nondo. Kwa hiyo kokoto huoshwa kwa maji baridi, si ya bahari, na hata hivyo haipelekwi kwenye slabu wala nguzo yenye chuma. Kazi yake ni matofali ya njia na ya ua. Halafu hulowekwa usiku kucha, kwa kuwa saruji kuukuu iliyoganda juu ya jiwe ina kiu. Usipoinywesha mapema, itanyonya maji ya mchanganyiko na tofali litakuwa chapwa. Asubuhi anaianika kivulini mpaka iache kung'aa, ila ndani ingali na unyevu.

Sasa karai: moja ya simiti, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Anachanganya pakavu kwanza, rangi ikifanana kote ndipo anatia maji kidogo kidogo. Anachota konzi na kukamata. Donge likishikana bila kuchuruzika maji, liko tayari. Kalibu imepakwa mafuta, zege linashindiliwa kwa kigongo, kingo zinagongwa viputo vitoke, na mwiko unapita juu mara moja tu.

Baada ya hapo fundi hutulia, na hapo ndipo wengi hushindwa. Matofali hufunikwa magunia, yakamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na hayakanyagwi na gari kabla ya siku 28. Anayataja majuma hayo manne kama mkulima anavyotaja mvua.

Saruji mpya bado ameitumia, na viwanda vya saruji duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Deni hilo nyundo haiwezi kulilipa. Inachookoa ni jiwe. Kiwanda cha Bamburi kilianza kuzalisha saruji mwaka 1954, na machimbo yake yalibaki mashimo makubwa ya mawe matupu hadi René Haller alipoanza kuyapanda miti mwaka 1971. Leo ni Haller Park. Kila kokoto ina shimo lake mahali, na si kila shimo limepata mpanda miti.

Basi ukibomoa nyumba, usimwite mwenye lori kwanza. Gonga kifusi, usikilize.