Kuugua kwa Viumbe: Filamu ya Serengeti na Litungu la Wakurya

Mtume Paulo awafundisha Warumi (Rum. 8:19-23) kwamba si mwanadamu peke yake aungojaye ukombozi, uumbaji wote waugua pamoja naye. Swali letu katika makala hii ni hili: je, sanaa inayoililia nchi iliyoharibika yasikia kuugua kote, au nusu yake tu? Twachukua mifano miwili, mmoja wa Serengeti na mwingine wa Tarime.

Wa kwanza ni filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotolewa mwaka 1959, ambayo jina lake la Kijerumani lasema kwamba Serengeti haipaswi kufa. Waliwahesabu wanyama kutoka katika ndege iliyopakwa milia ya punda milia, na Michael akafa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar. Yatupasa kushukuru, maana iliufundisha ulimwengu kuipenda nchi hii. Walakini kasoro yake ni ya kitheolojia. Kutoka angani nyumbu huonekana kuwa kazi ya Mungu, na mwenyeji huonekana kuwa mharibifu. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti. Edeni isiyo na Adamu wa kuilima na kuitunza si Edeni ya Maandiko.

Wa pili ni litungu la Wakurya: mti uliochongwa, ngozi, na nyuzi nane. Hatusemi kwamba kila wimbo wake ni mtakatifu; zimo zinazosifu wizi wa mifugo. Lakini mwimbaji hayuko angani. Aimba kati ya watu wa bonde la Mto Mara, ambao msitu wa chanzo chake, Mau nchini Kenya, umekatwa sana. Watu ambao Mei 2009 waliona maji ya mgodi wa dhahabu wa North Mara yakivujia Mto Tigithe. Tena chombo chenyewe ni mti na ngozi. Miti ikiisha na ng'ombe wakifa kwa ukame, kilio hukosa hata chombo chake. Waliohamishwa Babeli walikuwa na miti ya kutundikia vinubi vyao (Zab. 137).

Hapa twajihukumu wenyewe. Wengi wetu tulilikataa litungu kanisani kwa sababu tulilijua vilabuni, tukawapa waumini nyimbo za kuiaga dunia tu. Luther, katika Katekisimu Ndogo, atufundisha kumkiri Mungu aliyetuumba pamoja na viumbe vyote. Anayekiri hivyo hawezi kumlilia nyumbu na kumsahau jirani, wala kumlilia jirani na kuusahau mto.

Filamu twaiheshimu, litungu twalihitaji. Ndugu wachungaji, mvua zitakapochelewa tena, na tulialike mbele ya madhabahu lituongoze katika toba. Kisha tutoke pamoja na mpigaji wake, tukapande miti.